Wageni wa Ijumaa

Ummukulthum alilishika dumu la buluu kwenye mpini, akataka kulinyanyua, kisha akasita. Aliinua macho akaitizama picha iliyobandikwa ukutani juu ya mashine ya kufulia, akaondosha mkono taratibu.

"Hili bado," alisema, kama anayejisemea peke yake. "Glavu kwanza."

Mwanakheir alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha dobi, mikono ameifunga nyuma asije akajisahau akamsaidia. Aliposikia maneno yale machozi yalimlenga. Akajifanya anapangusa jasho kwa ncha ya mtandio, na kwa kweli jasho lilikuwapo, maana dobi ya hoteli ile ya Paje ilikuwa na joto la kumkausha mtu ulimi.

Ummukulthum alikuwa ameanza kazi wiki ile ile. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mwani, na kusoma kwake kulikuwa msahafu na jina lake. Hakuna mtu aliyemuelekeza. Alikuwa na picha zile tu, rangi za madumu, na kisanduku kidogo cha sauti kilichotundikwa kwenye msumari. Alibonyeza kitufe cha buluu, na sauti ya mwanamke ikatoka, ya utulivu, kama jirani anayezungumza dirishani: "Mwenzangu, mimi Mayasa. Dawa ya dumu hili usiikutanishe na ya lile jekundu. Mimi niliikutanisha."

Mayasa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kifurushi cha mashuka, anajisikiliza. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe. Mwaka uliopita alichanganya dawa mbili kwenye ndoo moja, mvuke ukampanda usoni, na jicho lile halikurudi. Si kwamba hakufundishwa. Kampuni ilikuwa imewakalisha wafanyakazi wa dobi siku nzima katika ukumbi wa baridi, ikawaonyesha maandishi ya Kiingereza ukutani na kumpa kila mmoja kitabu kinene. Mayasa alikitumia kile kitabu kuzuilia mlango wa jikoni kwake.

Baada ya ajali, Mwanakheir na Zahran, wote wawili wa kitengo cha mafunzo, waliambiwa waandike kitabu kipya. Mwanakheir akakataa. Alikuwa amerudi karibuni kutoka kwenye mafunzo Dar es Salaam, alikofundishwa mtindo ambao mkufunzi wake aliuita fikra ya usanifu: unaanza na mtu, huanzi na somo. Unakaa naye, unamsikiliza mpaka ulijue tatizo lake hasa, ndipo unabuni kitu kidogo, rahisi, unampa akijaribu. Kikimshinda, kosa ni la kitu, si lake. Unakibomoa unaanza tena.

"Na kama hatukipati kabisa?" Zahran alimuuliza siku ile, akicheka.

"Tutakipata. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Wakakaa na wanawake wa dobi, wakafua nao, wakakunja nao mashuka. Zahran ndiye aliyekuwa mchoraji. Picha zake za mwanzo alizichora kwa wino mzito juu ya vipande vya maboksi, na zikashindwa vibaya. Alichora mkono uliopigwa msalaba mwekundu, akikusudia watu wasiguse dawa kwa mkono mtupu. Wanawake wakafahamu kwamba wanakatazwa kutumia mkono wa kushoto. Mayasa alicheka mpaka akakaa chini. Zahran akacheka naye, akalichana boksi, akachora jengine pale pale. Mwanakheir alimtizama kijana yule wa mjini, wa ukoo wa Kiarabu, kanzu yake safi ameipandisha magotini, amepiga magoti kwenye sakafu ya maji akiuliza, "Na hivi je? Hivi unaonaje?" Hapo ndipo moyo wake ulipoondoka, na haukuwahi kumrudia.

Leo picha zote zilikuwa zimefahamika. Ummukulthum alivaa glavu, akafungua dirisha, akapima dawa, akaifunga. Hakukosea.

Mwanakheir alinyanyua macho kumtafuta Zahran. Ilikuwa ada yao: jambo likifaulu, kabla mtu yeyote hajasema neno, macho yao hukutana kwanza. Zahran alikuwa kando ya meza ya pasi, ameshika simu anarekodi. Alimuona Mwanakheir anamtizama. Akainamisha kichwa.

Siku mbili alikuwa hakuja kazini. Alisema ana homa.

Mayasa alimvuta Mwanakheir pembeni, akamkumbatia. "Mungu akulipe, mwanangu. Na Ijumaa ndiyo siku yenyewe, eh? Wanakwenda kukuposa kwenu Mkokotoni?"

"Nani kakwambia, Bi Mayasa?"

"Uso wako."

Mwanakheir akacheka, akaufunika uso kwa mtandio.

*

Zahran ndiye aliyeendesha gari ya ofisi kurudi mjini. Kwa kawaida njia ile ilikuwa fupi kwao. Walikuwa wakibishana, wakiimbiana, wakipunguza mwendo pale Jozani kuwapisha kima wavuke barabara. Leo kima walivuka na Zahran akasimamisha gari bila ya kusema kitu.

"Umefurahi?" Mwanakheir aliuliza.

"Nimefurahi."

"Mbona uso hausemi hivyo?"

"Nimechoka tu, Mwana."

Ni yeye peke yake aliyemwita Mwana. Nyumbani alikuwa Mwanakheir, ofisini Bi Mwanakheir. Jina lile fupi lilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia.

Walipofika Tunguu, Zahran alikohoa kidogo. "Mama anataka kukuona."

"Lini?"

"Leo. Sasa hivi, tukifika."

Mwanakheir aligeuka mzima mzima kwenye kiti. "Zahran, hukuweza kuniambia asubuhi? Nimenuka sabuni na jasho. Ningevaa vyengine."

"Uko sawa hivo hivo."

"Mama yako anataka kuniona kabla ya Ijumaa, na mimi niko sawa hivi hivi?" Lakini alikuwa anatabasamu. Alijifunga mtandio upya mbele ya kioo kidogo cha gari, akajipaka mafuta kidogo midomoni. Mwezi mzima alikuwa akiingoja siku ya kuitwa. Zahran alishamwambia kwamba mama yake anasita, kwamba kwao wanatizama sana ukoo, ila atalainika. Mtu aliyekataa, Mwanakheir alijiambia, haiti mtu nyumbani kwake. "Nimpelekee nini? Simama tununue hata machungwa."

"Usinunue kitu," alisema Zahran.

Kama Mwanakheir angemtizama usoni wakati ule, pengine angejua. Lakini alikuwa anatizama nje, anahesabu kichwani wageni wa baba yake, nani atakaa ukumbini na nani barazani.

*

Nyumba ya kina Zahran ilikuwa Sokomuhogo, ghorofa mbili, ngazi zake za mbao zimesimama wima. Mama yake, Bi Khawla, alikuwa chumba cha juu, amekaa juu ya godoro la chini, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juu ya mto. Alikuwa mwanamke mweupe, mwembamba wa uso, na macho ya Zahran yale yale.

"Shikamoo, Bi Khawla."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu ukae hapa karibu yangu, masikio yangu si mazuri." Akamgeukia mwanawe. "Zahran, adhana hiyo. Nenda kaswali."

"Mama, mimi—"

"Nenda."

Zahran akaondoka. Nyayo zake zilishuka ngazi pole pole.

Bi Khawla alimimina kahawa kwa mkono wake, akasogeza sahani ya halua. Mwanakheir akataka kuipokea dele ya kahawa, lakini mama yule akatikisa kichwa. Alimpa kikombe, akajifunika vizuri mabega, akasema, "Nimesikia habari zako kwa watu. Sasa nataka nizisikie kwako. Wewe ni nani, na mwanangu unamtakia nini?"

Mwanakheir hakulitegemea swali lile. Alitegemea kuulizwa kupika, kuulizwa umri. Alianza kwa kubabaika. Alisema yeye ni mtoto wa Kheir Abrahman wa Mkokotoni, asili yao Tumbatu, baba yake anauza vifaa vya uvuvi na anasalisha msikiti wa mtaani. Alisema alisoma mpaka chuo kikuu kwa sababu baba yake aliuza kiwanja cha pili ili asome. Halafu, kwa kuwa mama yule hakumkatiza, akaendelea. Alieleza walivyoanza kazi ya dobi. Alieleza habari ya mkono uliopigwa msalaba, na Bi Khawla akacheka kidogo. Alisema Zahran ni mtu wa huruma, kwamba akikosea hakasiriki, hujifunza. Alisema hataki kumtoa Zahran kwa mama yake. Angependa kuja kukaa hapa hapa, kumkanda miguu, kujifunza mapishi ya nyumba hii.

"Nnampenda, Bi Khawla," alisema mwisho, macho yamo kikombeni. "Sijui namna nyengine ya kulisema."

Bi Khawla alikuwa amesikiliza kama watu wachache wasikilizavyo, hakutizama mlango, hakuchezea ushungi. Mwanakheir alikuwa anaijua kazi ya kusikiliza, ndiyo kazi yake, na alijua kwamba amesikilizwa. Moyo wake ukafunguka.

"Nimekusikia," alisema Bi Khawla. "Nimekusikia kila neno, na ningekuwa nimezaa binti, ningetaka awe kama wewe. Sikudanganyi." Akaiweka dele chini. "Lakini haiwezekani, mwanangu."

Nje, mtu alikuwa anaita jina la mtoto. Mwanakheir alisikia jina likiitwa mara ya pili, na mtoto akaitika, "Naam."

"Baba yake Zahran alikufa Zahran akiwa mdogo. Ami yake ndiye aliyemlea, ndiye aliyenilea na mimi. Ami yake keshatoa neno. Zahran atamuoa Ulfat, binti yake. Imeshapita."

"Imepita lini, Bi Khawla? Ijumaa hii watu wanakuja kwetu."

"Hawaji."

Ilisemwa kwa upole kiasi kwamba Mwanakheir alidhani hakusikia sawasawa.

"Ilisemwa siku tatu nyuma, usiku," Bi Khawla aliendelea, "hapa hapa, chumba hichi. Wazee walikuwa wamekaa pale ulipokaa."

"Na Zahran?"

"Alikuwapo."

"Akasema nini?"

Kwa mara ya kwanza Bi Khawla aligeuza uso. "Alinyamaza, mwanangu. Na kwetu, mwanamume akinyamaza mbele ya ami yake, ameridhi."

Mwanakheir aliweka kikombe juu ya sahani. Alishangaa kuona kimekaa, hakikupinduka. "Ni kwa sababu sisi Watumbatu?"

"Watu wa kwenu nnawajua, ni watu wema. Desturi hii sikuiweka mimi, nimeikuta." Sauti yake ilipungua. "Nilikuwa na dada. Aliolewa na mtu aliyempenda, si wa kwetu. Hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kwenda kwake. Alizaa peke yake, akaugua peke yake, na alipokufa mimi niliruhusiwa kwenda baada ya maziko. Alikuwa mchangamfu kama wewe. Sasa unataka nikutie katika nyumba hii, watu wapande ngazi, waniamkie mimi, wewe wakupite? Leo utavumilia. Mwakani utavumilia. Halafu utaanza kumchukia mwanangu, na yeye hatojua kwa nini."

"Sitomchukia."

"Dada yangu naye alisema hivyo."

Mwanakheir alitafuta la kusema. Kazini, mtu akisema haiwezekani, alikuwa na maswali ya kumuuliza: haiwezekani kwa nini, kwa nani, na tukibadilisha hili je? Aliyatafuta maswali yale, akayakuta yote yamo, lakini hakuna hata moja lililomtoka. Mwanamke huyu alikuwa hakatai kwa kutojua. Alikuwa anajua kila kitu, na anakataa.

"Nimekuita mwenyewe," alisema Bi Khawla, "nisikuache uje usikie habari hizi kwa watu. Nisamehe."

Mwanakheir aliinama akaubusu mkono wake, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mkono ulikuwa baridi. Akashuka ngazi ameshika kamba iliyofungwa ukutani, hatua moja moja, kama mgonjwa.

*

Zahran alikuwa kichochoroni, ameegemea ukuta. Hakuwa amekwenda kuswali. Watu walikuwa wanapita, wanawake na vikapu vya sokoni, wazee wanaotoka msikitini, na kwa sababu yao walisemezana kwa sauti ya chini, kama watu wanaoulizana njia.

"Ulijua," alisema Mwanakheir.

"Nlijua."

"Ulijua asubuhi, pale dobini. Ulijua njia nzima."

"Nlitaka kukwambia. Kila nikifungua mdomo nakuona unavyofurahi."

"Ukaona bora mama yako aniambie."

Zahran alijipangusa uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu. Huenda kweli alikuwa na homa. "Mwana, hukuwapo pale. Wazee watatu, na ami analia. Mtu aliyenifundisha kusoma analia mbele yangu, ananiambia nisimuaibishe. Ningesema nini?"

"Jina langu. Ungesema jina langu tu, halafu ungenyamaza."

Mzee mmoja alipita, akatoa salamu. Wote wawili wakaitikia kwa adabu, wakangoja apite.

"Nisikilize," alisema Zahran. Alimsogelea kiasi, si karibu sana. "Nimefikiri. Tuoane hivyo hivyo, kimya kimya. Kuna shekhe namjua Bububu. Ulfat nitamuoa kwa ajili ya ami, na wewe utakuwa mke wangu mbele ya Mungu. Watu hawatojua mwanzo. Tutaanza na kidogo, kama tunavyofanya kazini. Tunaona penye kasoro, tunarekebisha. Mwaka, miaka miwili, ami atazeeka, mambo yatabadilika, tutakuja kulikamilisha."

Mwanakheir alimtizama. Alimuona anavyomaanisha kila neno, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Hakuwa anamdanganya. Alikuwa amekaa siku mbili kitandani anabuni, na hiki ndicho alichokibuni.

"Yale yalikuwa maboksi, Zahran."

"Mwana..."

"Boksi likikosea tunalichana, tunachukua jengine. Baba yangu atamwambia nani kwamba bintiye ameolewa? Nikizaa, mtoto atamwita nani baba mbele za watu? Na huyo Ulfat, umemuuliza yeye anataka nini?"

Zahran akajibana ukutani kumpisha mwanamke mwenye kikapu.

"Hukumuuliza. Wala mimi hukuniuliza. Bi Khawla ndiye pekee aliyeniuliza leo, na yeye ndiye aliyenikatalia."

"Nnakupenda," alisema Zahran. "Wallahi nnakupenda."

"Najua."

"Basi niambie nifanye nini. Sema, ntafanya."

Alitaka kumwambia: panda juu sasa hivi, mwambie mama yako, kisha nenda kwa ami yako. Maneno yalikuwa tayari. Alimtizama usoni kuona kama yatapata pa kukaa. Alimuona tayari amegeuza macho kidogo kuelekea dirisha la juu, kama mtoto anayesikiliza iwapo anaitwa. Akayameza.

"Nenda kamuangalie mama yako," alisema. "Miguu yake imevimba sana leo."

Akampita. Bega lake liligusa shati la Zahran, bila kukusudia, na harufu yake, ya udi na wino, ikamfuata mpaka pembeni ya kichochoro. Hakugeuka. Alijua kwamba Zahran hamfuati, na masikio yake yalikuwa yanasikilizia nyayo vile vile.

*

Alitembea mpaka Mnazi Mmoja, akakaa kwenye ukuta mfupi kando ya uwanja, vijana wakicheza mpira. Akampigia baba yake. Alitaka kulisema jambo lile kabla halijawa zito zaidi.

"Mwanangu," alisema Mzee Kheir. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu. "Tuko hapa tunapanga. Kaka yako Abdulwahid keshapaka chokaa ukuta wa mbele, utasema nyumba mpya. Hao wakwe zetu, wanakula pweza au nisihangaike?"

"Baba, sogea pembeni kidogo."

Alisikia viatu vyake vikiburura kokoto, kisha mlango ukafungwa.

"Ijumaa hawaji, baba."

"Wameahirisha?"

"Hawaji tena."

Mpira ulitoka nje ya uwanja, ukaja mpaka miguuni kwake. Kijana akaukimbilia, akaomba radhi, akaondoka nao.

"Wamekwambia kwa sababu gani?" aliuliza Mzee Kheir.

Mwanakheir alifungua mdomo. Hakuweza kumwambia mzee yule, aliyeuza kiwanja chake, kwamba ukoo wake haukutosha. "Kuna binti wa ami yake."

"Aa." Alivuta pumzi. Alifahamu lote, lile lililosemwa na lile lisilosemwa. "Sawa. Basi sikiliza. Watu hapa ntawaambia mimi. Wewe usimjibu mtu, hata shangazi zako wakipiga simu."

"Watakuuliza kwa nini, baba."

"Ntawaambia mimi ndiye niliyekataa. Nimetizama, sikuridhika na kijana, nimekataa. Nyumba yangu, binti yangu. Nani ataniuliza zaidi?"

Hapo ndipo Mwanakheir alipolia. Alilia ameziba mdomo kwa mtandio, simu ameisogeza mbali na uso, lakini alijua anamsikia. Baba yake hakumwambia anyamaze. Alingoja, kama alivyokuwa akimngoja utotoni amalize kukohoa usiku.

"Ushakula?" aliuliza, Mwanakheir alipotulia.

"Nshakula, baba."

Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri.

*

Jumatatu, Majid, mkuu wa utumishi, aliita kikao. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na siku hiyo hakuweza kukaa kitini kwa furaha. Aliwaonyesha mameneja filamu ya Ummukulthum: mkono ukilishika dumu la buluu, mkono ukiliacha. Mameneja wakapiga makofi.

Zahran alikuwa upande wa pili wa meza. Habari za Ulfat zilikuwa zimeshafika ofisini. Mtu alimpa mkono wa heri mlangoni, naye akaupokea. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Mwanakheir aliiona kola ya kanzu yake imemkalia vibaya, na vidole vyake vikataka kuirekebisha. Akavifunga chini ya meza.

"Nimezungumza na wakubwa," alisema Majid. "Wanataka haya haya Kizimkazi, kuanzia dobi, kisha jikoni, kisha wale wanaowapeleka wageni kutizama pomboo. Kazi ya mwaka mzima, na ushei. Wakaniuliza, nani ataifanya? Nikawaambia hakuna wa kuulizwa, ni hawa wawili. Sijapata kuona watu wanaofahamiana namna hii. Mmoja akianza neno, mwenzake analimaliza. Gari moja, asubuhi kwenda, jioni kurudi, mpaka tumalize. Kuna mwanamke kule kaungua mkono wiki iliyopita kwa dawa hizo hizo, kwa hivyo sitaki tuchelewe."

Watu wakawatizama kwa tabasamu.

"Mnasemaje? Zahran?"

Zahran alinyanyua macho. Alimtizama Mwanakheir, si Majid. Kwa mara ya kwanza tangu kichochoroni macho yao yalikutana, na Mwanakheir aliona kwamba anamuomba akatae, na anamuomba akubali, na kwamba yeye mwenyewe hatochagua.

"Mimi sina neno," alisema Zahran.

"Na wewe, Bi Mwanakheir?"

Alimfikiria mwanamke asiyemjua, mkono wake umefungwa kitambaa, anafua kwa mkono mmoja. Alifikiria asubuhi zote zile za njia, harufu ya udi ndani ya gari, na pete kwenye kidole kilichoshika usukani. Wote walikuwa wanamngoja.

"Na mimi sina neno," alisema.